Uzito wa Ndoo ya Asali

Jumanne, baada ya magharibi

Kumbe si Shija. Wiki tatu namshuku dereva wangu kwamba ananyonya mafuta njiani, kwa kuwa kirikuu yetu ikienda Ipole tupu hainywi sana, ikirudi na asali tangi linakauka.

Leo mnunuzi mpya amekuja na mizani. Ndoo ya lita ishirini ikasoma kilo ishirini na nane. Nikamwambia mizani yake mbovu. Akapima nyingine, vilevile.

Miaka yote naihesabu asali kama maji. Ndoo thelathini, mimi najua kilo mia sita, kumbe zinapita mia nane, na kigari kile kinazivuta kwenye mchanga bila kukata hata springi.

Nikamfuata Shija, nikamwomba radhi.

“Nilijua unanishuku, mama.”

“Sasa mbona hukuacha kazi?”

“Ningeacha, ungesema kweli nilikuwa mwizi.”

Nimeona haya.

Kuanzia kesho ni ndoo ishirini tu. Safari zitaongezeka, na mafuta sijui nitayamudu vipi. Lakini alhamdulillahi, gari ni zima, na anayeliendesha hajaondoka.