Mama Amekwenda Kukimbia

Gati,
Uji uko kwenye chupa. Ndama asitolewe nje, mvua bado kubwa. Nimekwenda Nyarero kwenye zile mbio ndefu.

Asubuhi baba yako alichungulia nje akacheka: "Mvua yote hii, unaenda kukimbia au kuogelea?" Niliudhika, nikavua viatu, nikajifunika blanketi. Bibi yako ndiye aliyeniinua. Alinifunga kamba za viatu mwenyewe, akasema, "Mwanangu, mimi nilipenda kukimbia, wakanikataza. Wewe nenda."

~~Baba yako asipewe chai.~~ Mpe, ila usimwekee sukari.

Tutapita hapo njia panda. Mpeleke Bibi na mwavuli, anataka kuniona. Ameshavaa gauni lake la kanisani.

Mama