Freti ya Nane

Amukura, 9 Februari 2025

Mwanangu Everline,

Habari za Malaba? Sisi huku tuko salama, ila goti la mama yako linamsumbua. Simu zangu hupokei, ndiyo nimempa Josiah wa kwaya barua hii akuletee.

Nilikuwa napanga vitu kabatini nikapata daftari lako la muziki. Josiah ameniazima gitaa, na sasa nimefika ukurasa wa A maina seveni: A, C, E, G, noti moja moja, kupanda na kushuka. Naanza freti ya tano, kile chuma cha tano shingoni mwa gitaa, lakini C iko freti ya nane na kidole changu cha mwisho hakifiki. Wewe ulikuwa unafanyaje?

Gitaa lako nililikata kwa panga mbele ya wageni. Nikasema binti wa mzee wa kanisa hatawapigia walevi muziki. Miaka kumi na moja sijakuomba msamaha. Naomba sasa.

Baba yako,
Olinga

Malaba, 30 Machi 2025

Baba,

Natumaini hamjambo. Mpe mama pole.

Shusha kidole gumba nyuma ya shingo ya gitaa, kiwiko ukisogeze mbele. Cheza polepole mpaka kila noti isikike peke yake.

Mengine sina.

Everline

Amukura, 6 Aprili 2025

Mwanangu,

Hujambo? Goti la mama lina nafuu.

Kidole kimefika. Jana nilipanda na kushuka bila kukwama. Mama yako akasimama mlangoni, akasema, "Ni kama Everline amerudi," halafu akaenda jikoni. Sikuweza kuendelea.

Josiah ameona gitaa zuri upande wa Uganda. Nataka nikuletee. Nikuchezee kidogo, kisha wewe unichezee.

Baba yako,
Olinga

Malaba, 22 Juni 2025

Baba,

Salamu kwenu nyote. Barua yako nimekaa nayo wiki nyingi.

Bila gitaa, bendi haikuningoja. Nikapata kazi ya kukagua mizigo kwenye yadi ya malori. Mwaka wa 2019 mlango wa lori ulinibana mkono wa kushoto. Vidole viwili vya mwisho vilikatwa. Sikuwaambia kwa sababu sikutaka uje kuniombea hospitalini. Hapo nilimnyima mama pia nafasi ya kuja, na hilo linaniuma.

Mlango ule si wewe uliyeufunga. Nimejiambia hivyo mara nyingi, na siku nyingine nakubali.

Ulipouliza jinsi ya kufika freti ya nane, nilikaa kitandani nikainua mkono nikumbuke. Mkono ulikumbuka kila kitu.

Njoo Jumamosi, mje na mama. Umwambie kabla hamjafika, asishtuke akinishika mkono. Nitapika kuku. Gitaa uliache nyumbani, Baba. Bado siwezi kulisikia.

Binti yako,
Everline