Mstari Mweupe Kwenye Tangazo la Jengo la Açucena

KITUO CHA POLISI, PELOTAS
MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Rosiclér Kaster Nogueira
Umri: Miaka 24
Kazi: Muuzaji, duka la keki na vitamutamu, zamu ya asubuhi
Makazi: Jengo la Açucena, nyumba namba 3, Pelotas
Tarehe na saa: 8 Agosti 2023, saa nne na dakika kumi asubuhi

Mimi ni mke wa Leocir Nogueira, fundi wa kompyuta, anayetuhumiwa kughushi tangazo la jengo letu. Tulifunga ndoa tarehe 8 Julai mwaka huu, na leo tunatimiza mwezi mmoja. Jumatatu ijayo, tarehe 14, mume wangu anatakiwa kuapishwa katika kazi ya halmashauri ya mji, ambayo ameifanyia mtihani mara tatu. Tumeambiwa kwamba tuhuma hii ikisimama, hataapishwa. Nimekuja kwa hiari yangu.

Mnamo tarehe 15 Julai, Jumamosi, saa nne asubuhi, tulikwenda mjini kununua printa ya nyumbani. Kompyuta yetu inatumia mfumo wa Linux, si Windows. Mume wangu hataki kitu kingine. Alikuwa ameandika sifa za printa anayoitaka: iwe ya wino wa unga, kwa sababu sisi huchapisha mara chache na wino wa maji hukauka; ishike waifai; tena iwe ya aina inayoelewana na kompyuta bila kuwekewa programu ya kiwanda. Muuzaji aliposikia neno Linux alicheka.

"Kaka, hapo umejitakia. Maboksi yote haya yameandikwa Windows."

"Boksi halichapishi, ndugu yangu. Niwashie hiyo ya maonyesho."

"Na ikigoma?"

"Nakuoshea gari."

"Sina gari."

"Basi la bosi wako."

Mume wangu alifungua kompyuta yake ndogo juu ya kaunta. Haikupita dakika moja jina la printa likajitokeza lenyewe na ukurasa wa majaribio ukatoka. Ulikuwa na mstari mweupe, mwembamba kama uzi, upande wa kushoto, kuanzia juu hadi chini. Muuzaji alisema ndiyo pekee iliyobaki ya aina hiyo. Mume wangu alisema mstari utaondoka akiisafisha. Mimi nilimwambia auache, maana ulifanana na njia ya nywele aliyochana siku ya harusi yetu, siku ambayo alipendeza mpaka padri akatabasamu. Afande ameniambia nirudi kwenye printa.

Saa nane mchana aliifunga nyumbani. Aliingiza nywila ya waifai herufi moja moja kwa vile vitufe vidogo. Waifai hiyo ni moja kwa jengo zima, nyumba nane. Kwenye kompyuta jina la printa lilionekana mara mbili. Alichagua la kwanza, zikatoka kurasa za alama zisizosomeka. Akalifuta, akachagua la pili, lile lisilohitaji programu, na ukurasa ukatoka unasomeka vizuri. Kisha akaipa printa jina langu, Rosi. Nilimwuliza kwa nini. Alisema anataka kila akibonyeza aone jina hilo.

Halafu akaniambia, "Rosi, printa hii inajitangaza kwa kila simu iliyo kwenye waifai ya jengo. Niifunge, isikilize kompyuta yetu tu?"

"Iache wazi. Tumeoana juzi, tusianze na uchoyo."

"Haya, malkia wangu. Siku watu wakichapisha upuuzi wao humu, usinililie."

Kosa hilo ni langu, na naomba liandikwe.

Kesho yake nilichapisha vikadi vya shukrani, nikavifunga kwenye vitamutamu vya harusi, bem-casados, vilivyobaki, nikapeleka kila mlango. Kila kikadi kilikuwa na mstari mweupe. Tangu hapo jengo zima linaujua.

Mnamo tarehe 1 Agosti, Jumanne, nilikuwa nyumbani peke yangu. Mwenyekiti wa jengo ni Seu, yaani Bwana, Valdoir Bettanin, wa nyumba namba 1. Uchaguzi ulikuwa ufanyike kwenye mkutano wa Alhamisi, tarehe 3, na Dona, yaani Bibi, Iraci wa namba 6 alikuwa anagombea dhidi yake. Saa tisa na dakika arobaini na mbili alasiri printa iliamka yenyewe. Kompyuta ilikuwa imezimwa. Nilikimbilia printa, kwa sababu mume wangu akifika chini ya ngazi na simu yake ikikamata waifai, hunichapishia neno moja kabla ya kupanda. Nilidhani amewahi kurudi.

Haikuwa yeye. Lilikuwa tangazo kwamba mkutano umesogezwa hadi tarehe 10. Juu ya ukurasa kulikuwa na jina la Seu Valdoir na saa, 15:42, kama itokavyo barua pepe ikichapishwa. Mara mlango ukagongwa. Alikuwa yeye, amevaa ndara, chupa ya maji moto ya chimarrão, chai yetu ya majani machungu, kwapani.

"Bibi harusi! Kuna karatasi yangu humo?"

"Ipo, Seu Valdoir. Kumbe mkutano umesogezwa?"

"Mambo ya ofisi, binti, usiyaingize kwenye fungate lako." Akaitazama. "Aa, imetoka na jina langu juu. Hiyo itupe."

Alibonyeza simu yake palepale mlangoni. Ikatoka nyingine, haina jina juu. Nilimpa na quindim mbili, keki ndogo za mayai na nazi, nilizotoka nazo dukani. Alizila zote, akanisifu, akashuka.

Jioni nililikuta tangazo limebandikwa ukumbini, nami niliamini. Alhamisi tulibaki nyumbani, na wengi walibaki. Kumbe mkutano ulifanyika siku hiyohiyo na watu watano, na Seu Valdoir akachaguliwa tena. Asubuhi ya tarehe 4 Dona Iraci alimkabili ukumbini: "Wewe ndiye uliyelibandika, mzee mwongo!" Mimi nilikuwepo. Seu Valdoir alijibu, "Mimi? Hebu tazameni huo mstari. Hiyo ni printa ya yule kijana wa kompyuta. Ameghushi ili kunichafua." Hakunitazama. Jumatatu tarehe 7 mume wangu aliitwa hapa kituoni.

Nilikuwa nimemweleza mume wangu yote. Alisema ni neno letu dhidi ya neno la mwenyekiti. Kompyuta haikuwa na kumbukumbu, kwa sababu karatasi ile haikupitia kwake, na printa yetu ikizimwa husahau kila kitu.

Jana saa mbili usiku nilifungua boksi la printa, ambamo mume wangu huhifadhi barua zangu. Kila siku humwandikia moja na kuiweka kwenye chakula chake cha kazini. Huwa situpi karatasi yenye upande mmoja safi. Barua ya chakula cha tarehe 2 Agosti niliiandika usiku wa tarehe 1, nyuma ya karatasi ile ambayo Seu Valdoir alisema niitupe.

Nilimwuliza, "Umekaa nayo siku zote hizi, hukuigeuza?"

"Niigeuze nitafute nini? Wewe ulikuwa upande huu."

Karatasi hiyo naikabidhi leo. Naomba upande wangu usisomwe kwa sauti, kwa sababu kaunta imejaa wanaume.

Hayo ndiyo niliyoyaona na kuyasikia mwenyewe. Nimeyasema nikiwa na akili timamu, na nayatia sahihi.

(Sahihi) Rosiclér K. Nogueira

MAELEZO YA AFISA: Maelezo yamesomwa kwa shahidi, ameyakubali. Karatasi moja imepokelewa kama kielelezo A. Upande wa kwanza: tangazo, jina V. Bettanin, saa 15:42, mstari mweupe kushoto. Upande wa pili: barua binafsi, haikusomwa kwa sauti. V. Bettanin ataitwa leo alasiri. Shahidi ameomba nakala ya upande wa pili apewe mumewe, anayesubiri kwenye benchi la nje. Amepewa. Shahidi ameomba iandikwe kwamba nakala ya kituo haina mstari mweupe kama wa printa yao ya nyumbani.

(Sahihi) Jandira Furtado, karani wa polisi