Risasi ya Ncha Ngumu

Jumatatu, 2 Agosti 1954
Nguruwe wameingia tena. Mihogo ya wafanyakazi yote wameifukua. Bwana Meneja katuita, mimi na Abrahamu, mume wa dada yangu Elizabeti. Anataka mwindaji mmoja wa shamba. Atatuazima bunduki mbili mpya, na Jumamosi atakayeliangusha lile dume kubwa ndiye. Nyumba ya bati juu yake! Nimechoka na ukarani wa stoo, kumeza vumbi la mkonge. Lakini Abrahamu ana shabaha, shetani yule. Herufi hajui hata moja, na maisha yake yote ni gobori tu.

Jumatano, 4 Agosti
Tumeshuka Tanga kutafuta risasi, dukani kwa Nurmohamed. Abrahamu kamwamkia shikamoo. Mzee akauliza, za mnyama gani? Abrahamu akaona haya kumtaja nguruwe mbele ya Mwislamu — akasema ni mnyama wa shambani tu. Nusura nicheke. Angemtaja, mzee angemchagulia. Basi mzee akatuwekea maboksi mawili, akasema tujisomee, akaenda kumkatia mteja kitambaa.

Boksi la kwanza: ncha laini, risasi hupasuka ndani, mnyama hafiki mbali. La pili: ncha ngumu, huingia huku ikatokea kule. Hiyo ni ya tembo. Nguruwe ataondoka nayo, na hasira juu.

"Shemeji, ipi inaua?"

Nikaweka kidole kwenye la pili. Nikamwambia ndivyo ilivyoandikwa. Zile laini nikachukua mimi, nikasema ni za wanaoanza. Akanishukuru, na kwenye lori la kurudi shambani Maramba akanigawia maandazi yake. Nimekula.

Simtakii kifo. Nataka akose tu.

Ijumaa, 6 Agosti
Elizabeti kaleta kuku, shukrani ya risasi. Mnono.

Jumamosi, 7 Agosti
Dume lilitoka kwenye mkonge saa tatu asubuhi. Abrahamu alipiga kwanza — kifuani, pale pale panapotakiwa. Likayumba, likageuka. Akapiga tena. Zilipita kama sindano kwenye kitambaa! Likamfikia, likampasua mguu kutoka pajani hadi chini ya goti. Akaniita kwa jina. Nilingoja — kwa nini nidanganye humu? — nilingoja mpaka likasimama vizuri, ndipo nikapiga. Moja tu, likalala.

Bwana Meneja kanipa mkono. Elizabeti kanipigia magoti kwa kumwokoa mumewe. Nimemwambia anyanyuke, watu wanatazama.

Jumatatu, 9 Agosti
Bwana Meneja kaokota risasi moja ya Abrahamu. Anauliza ni mpumbavu gani aliyemchagulia za tembo. Nimesema alichagua mwenyewe. Kasema sawa, atamwuliza akirudi kutoka hospitali.

Akirudi.

Jumanne, 10 Agosti
Niko hospitali, Tanga. Mguu umevimba, unanuka. Daktari kaacha karatasi ya Kizungu, Abrahamu aiwekee dole gumba kabla ya saa sita. Muuguzi kamweleza kwa Kiswahili, hataki kusikia. Anasema wanamwona mtu wa shamba, wanataka kumkata bure.

"Nisomee wewe, shemeji. Wewe hujawahi kunidanganya."

Imeandikwa hivi: wakate juu ya goti, leo. Asipokatwa, atakufa. Mistari minne tu.

Nikimsomea hivyo, ataishi. Atakaa kwenye kiti, Bwana Meneja atakuja na ile risasi mkononi, atamwuliza. Nikimsomea kwamba dawa zitatosha, asikubali kukatwa — ataniamini. Kidole hataweka. Na hakuna atakayeulizwa kitu.

Nimesoma jina lake kwa sauti, basi. Nikasema Kizungu hiki ni kigumu, ngoja niandike kwanza Kiswahili chake kwenye daftari. Ndicho ninachofanya sasa. Elizabeti, naye asiyejua kusoma, kashika kidau cha wino, ananiangalia kalamu. Saa tano na nusu. Abrahamu kauliza nimefika wapi. Nimemwambia nakaribia. Kasema nisiharakishe, niandike vizuri.