Pale Kamera Zisipofika

Dada yangu,

Kamera zako zimefika, na usidhani ilikuwa kazi ya kuchomeka tu. Ile kompyuta ndogo ya kuziunganisha, inayoenea kiganjani, ilikubali moja. Nilipoongeza mbili ikapata joto, ikazimika. Nikaifungia feni, nikapunguza ukubwa wa picha, ikatulia. Sasa unaona mlangoni, jikoni na sebuleni kwa pamoja. Mama amezipenda. Kila asubuhi anajipamba na kuipungia mkono ile ya sebuleni. Anasema umenenepa, sijui kakuonea wapi.

Jambo moja tu lilininyima raha. Mama akitoka jikoni, kamera ya sebuleni ilichelewa mno kumwonyesha, na katikati pana kikorido kifupi tu. Nikajua kamera haziendi sambamba. Nikabadilisha nyaya, nikapanga programu upya, nikaitukana kompyuta ya watu matusi yote ninayoyajua. Jana nikaachana na kioo cha kompyuta, nikaenda kwenye korido mwenyewe.

Nilimkuta Mama ameegemea ukuta, jasho linamtiririka, anahema kama aliyekimbizwa.

"Usiweke nyingine hapa, mwanangu," akaninong'oneza. "Acha nipumzike kwanza, dada yako asinione hivi."

Akajifuta uso, akaingia sebuleni huku anatabasamu.

Hospitali hataki hata kuisikia. Kompyuta bado ina nafasi ya kamera moja, lakini siifungi. Pale kwenye korido, dada, njoo usimame mwenyewe.

Mdogo wako,
fundi wa bure