Goli Moja Si Shahidi

Mbeya Mjini,
19 Agosti 1956

Kwa baba yangu mpendwa, Mzee Eliezeri Kalinga, Kilolo.

Kamwene baba, na shikamoo. Nakujulia hali kwanza wewe na mama, na hasa kifua chako kilichokusumbua tangu baridi ianze. Yale majani ya mkaratusi aliyokuchemshia shangazi Rozalia yamekusaidia, au bado unakohoa na kusingizia moshi wa jikoni? Mimi mwanao ni mzima wa afya. Nakula vizuri, kazi ya gereji inaendelea, na mikono yangu inanuka grisi kama ulivyoiacha. Baridi ya huku mwaka huu haina adabu. Asubuhi ukishika spana unadhani inakuuma. Mwilini basi sina la kulalamikia. La moyoni ndilo limenikalisha mezani leo baada ya ibada.

Barua yako nimeipokea na nimeisoma hadi mwisho kwa utulivu, kisha nikairudia bila utulivu. Umesema umesikia sokoni Iringa kwamba tumewafunga vijana wenu goli moja bila hapa Mbeya, na kwamba aliyesimama golini ni yule yule Danieli. Ukasema kwa hiyo sasa umeridhika kwamba nyumba ya Danieli haina mkosi, na kwamba naruhusiwa kwenda Usangu kwa rafiki yako kuwachukua wale ng'ombe wa mahari, nimwoe dada yake, Lusia. Najua ulitegemea nitacheka kwa furaha. Nilikasirika, baba. Nasema wazi kwa sababu wewe mwenyewe ulinilea nisiwe mtu wa kununa chini kwa chini.

Yanayofika huko kwenu ni magoli tu. Mpira wenyewe haufiki. Mwaka jana timu yetu hii hii, yenye Danieli huyu huyu, ilishinda karibu kila mahali kwa goli moja. Tuliwashinda Tukuyu kwa goli moja, tukawashinda wale wachimba dhahabu wa Chunya kwa goli moja, na watu wakatuita chui. Hakuna aliyeuliza tunashindaje. Mwaka huu tumefungwa Tukuyu goli moja, tumefungwa Chunya goli moja, na sasa eti sisi ni wagonjwa, na ugonjwa una jina, na jina lenyewe ni la mama mjane. Mimi nilikuwa ndani ya uwanja miaka yote miwili. Nakuapia hatukuwa chui mwaka jana, wala mwaka huu hatujawa paka.

Mechi ya Iringa ya mwezi wa tano ulikuwepo, umesimama pembeni, usawa wa katikati ya uwanja, na Mzee Philbert, mmejifunika blanketi kwa sababu ya mvua. Ulichokiona ni mpira unaingia na Danieli amelala upande mwingine. Hukuweza kuona, kwa pale ulipokuwa, kwamba mpira ule uligonga kisigino cha beki wetu Andendekisye ukageuka njia. Danieli alikuwa ameufuata sawasawa. Sisi siku ile tuligonga mlingoti mara mbili, na dakika ishirini za mwisho vijana wenu hawakuvuka nusu yao. La refarii silisemi, maana mtu akianza na refarii hamalizi. Nakubali tulifungwa. Umeninukulia kwamba asiyekubali kushindwa si mshindani, na mimi nakubali kushindwa asubuhi, mchana na jioni. Nisichokubali ni kwamba kisigino cha Andendekisye kimfanye mama wa mtu awe mchawi.

Hapo ndipo ulipozuia ng'ombe, ukasema nisubiri mpaka mambo ya golikipa yatulie. Sasa nikueleze yaliyotokea huku, maana naona hukuelezwa.

Watu wa huku wana mila ambayo sisi Wahehe hatuna. Wanasema jirani akiwa na kinyongo akakaa nacho kimya, pumzi yake huwapoza wenzake: mtoto ataugua, ng'ombe atakauka maziwa, na siku hizi wameongeza kwamba na goli litaingia. Dawa yake ni watu kukaa pamoja, kila mmoja akatoa kinyongo chake mbele ya wote, akachukua maji kinywani na kuyatema, na neno likaishia hapo. Siidharau mila hii. Nimeona ndugu waliokuwa hawasalimiani wakitema maji yao, na jioni wanasaidiana kubeba viazi. Ningependa tungekuwa nayo Kilolo, tungepunguza kesi za mashamba.

Basi tuliporudi kutoka Iringa tumefungwa, Mzee Sedekia, mwenyekiti wa timu yetu, akatuita nyumbani kwake sisi wachezaji pamoja na wazazi. Kibuyu cha maji kikazunguka. Andendekisye akasema ana kinyongo kwa sababu kila tukichinja mbuzi yeye anapewa shingo. Katibu akasema anavionea wivu viatu vyangu vya mpira. Tulicheka, tukatema. Kibuyu kikamfikia Mama Marta, mama yao Danieli na Lusia. Akasema kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba tangu mumewe azikwe, mawe ya mpaka wa shamba lake la viazi yamekuwa yakisogea, na yanasogea kutoka upande wa Mzee Sedekia, na kwamba jambo hilo linamuuma kila anaposhika jembe. Kisha akatema maji yake, akakaa.

Kwa mila yao wenyewe, hapo Mzee Sedekia alitakiwa ajibu, na akiwa amekosa arudishe mawe, na mama yule ashukuriwe kwa kutoficha. Hakujibu. Alisimama akawaambia watu kwamba kumbe pumzi iliyokuwa ikitafutwa imejitaja yenyewe, kwamba ni hasira ya mama huyu inayovuta mipira kwenye goli la mwanawe. Watu wakaguna. Nilimtazama Lusia, aliyekuwa amekuja na mama yake, akamfunika kitenge mabegani. Sheria yao ya zamani inasema mtu ambaye pumzi yake imewachosha majirani ahame, akatafute kilima kingine. Wakaanza kuizungumza hivyo hivyo, yeye akiwa amekaa pale, na wengine wakataka Danieli atolewe golini.

Nikasema Danieli asipokuwa golini mimi nahodha siingii uwanjani, na wenzangu wengi wakasimama upande wangu. Ndipo Mzee Sedekia akapata alichokiita njia ya kati. Iringa wanakuja Mbeya mwezi wa saba, akasema, Danieli adake, tukishinda, mama yake abaki, tukifungwa, ahame na watoto wake. Wazee wakaona ni hukumu ya busara. Niliwaambia palepale kwamba mpira ni ngozi iliyojazwa upepo, haujui shamba la nani liko wapi. Wakaniambia mimi ni Mhehe, nikacheze, mambo ya kilima niwaachie wenye kilima.

Sasa sikiliza jinsi tulivyoshinda ushindi huo uliokufurahisha. Vijana wa Iringa walituzidi, baba. Winga wao wa kushoto alikuwa ananipita kana kwamba nimepandwa pale. Danieli aliokoa mpaka viganja vikavimba, na mpira mmoja uligonga mwamba wa juu akiwa hayupo kabisa. Sisi tulikuwa hoi. Halafu mtu wetu mmoja akapiga mpira wa mbali, mpira wa kujiondolea balaa tu, ukadunda mbele ya golikipa wa Iringa kwenye kifusi cha fuko kilichokauka, ukamruka begani, ukaingia. Tulishinda kwa fuko, na fuko mwenyewe hata hakuwa amesajiliwa. Hilo ndilo goli lililoisafisha nyumba ya akina Danieli. Kule Iringa tulicheza vizuri tukapoteza, hapa tulicheza vibaya tukapata. Ukitaka kuijua timu, goli moja halikwambii. Itazame inavyocheza mwaka mzima, mvua na jua. Na ukitaka kumjua mtu, basi usitazame mpira hata kidogo.

Jioni ile wakachinja mbuzi kwa Mzee Sedekia. Walimleta Mama Marta wakamkalisha mbele, wakampa maziwa na ndizi, wakamwita mama yetu. Danieli alibebwa mabegani. Mzee Sedekia akasema pumzi imetulia, Mungu ameonyesha. Mimi nilikuwa natazama upande wa shamba, na mawe ya mpaka yalikuwa pale pale yalipokuwa jana yake. Nikasimama. Nikasema kwamba mimi siukubali ushindi huu uwe shahidi wa mama huyu, maana nikiukubali leo unapomwachia, nitakuwa nimeukubali na siku utakapomfunga. Nikasema kama hana hatia, hakuwa na hatia hata tulipofungwa. Nikamwomba Mzee Sedekia ajibu neno la mawe, ambalo lilisemwa kwenye kibuyu na halijajibiwa hadi leo.

Nyama ilipoa midomoni. Walinivua unahodha kabla ya mbuzi kuisha, na hilo silijutii. Kilichoniuma ni Danieli. Alinifuata njiani akaniuliza nina wazimu gani wa kukataa kitu kilichomwokoa mama yake, kwamba mtu aliyevushwa mto haulizi mtumbwi ni wa nani. Alikaa siku nyingi hanisalimii. Mazoezini alikuwa anaupokea mpira wangu na kunigeuzia mgongo. Mpaka Alhamisi iliyopita alipokuja gereji mwenyewe, akakaa kwenye tairi, akaniambia kwamba tangu siku ile halali vizuri, kwamba kila akifunga macho anaona mpira unadunda upande mwingine wa kile kifusi, na mama yake anafunga mizigo. Akasema sasa ameelewa. Nilimpa chai.

Maana lazima ujue, baba, kwamba sisi na Iringa kila mmoja amemfunga mwenzake mara moja, na mechi ya kuamua kikombe ni tarehe 22 Septemba, hapa hapa. Watu wameshaanza kusema vilevile. Wanamsalimia Mama Marta vizuri sana, lakini wanasema tuone tarehe ishirini na mbili. Na wewe, mzee niliyekuheshimu kuliko wote, uliyesimama na majirani zako wakati wa njaa bila kuuliza nani ana mkosi, umeniandikia maneno yale yale ya Mzee Sedekia kwa mwandiko mzuri zaidi. Ulizuia ng'ombe kwa kisigino, umewaachia kwa fuko. Tukifungwa tarehe 22, utaniandikia nini?

Nilimsomea Lusia barua yako, kwa kuwa sitaki ndoa inayoanza kwa kuficha. Alisikiliza mpaka mwisho. Akasema nikusalimie kwa heshima zote, na nikueleze kwamba yeye si kikombe, hashindaniwi, na kwamba ng'ombe waliopatikana kwa sababu ya goli hawataingia kwenye zizi la mama yake. Mama Marta naye akasema mahari anaweza kuisubiri hata miaka, ila hawezi kuisubiri kwa filimbi ya refarii.

Sasa nikuambie lile ambalo nimekuwa nikilizunguka tangu salamu. Leo asubuhi kanisani mchungaji amesoma tangazo la kwanza la ndoa yangu na Lusia. Mimi ndiye niliyekwenda kumwomba, bila kukuuliza. Mzee Sedekia alikuwa amekaa benchi la mbele na alisikia kila neno. Mchungaji aliuliza kama kuna mwenye pingamizi, hakuna aliyesimama, halafu Danieli akakohoa na watu wakacheka. Tangazo la pili ni Jumapili ijayo, la tatu ile inayofuata. Ndoa tumeipanga asubuhi ya tarehe 22 Septemba, siku ya mechi. Nitatoka kanisani nikiwa mume wa mtu, nitabadilisha viatu, nitaingia uwanjani, na wakinipanga beki nitacheza beki. Tukishinda kumi bila, Lusia ni mke wangu. Tukifungwa kumi bila, ni mke wangu.

Sikuasi, baba. Baraka yako naitaka kuliko ng'ombe, na ng'ombe nao nawataka, maana Mama Marta amelea. Lakini naomba uwatume ukiwa hujui matokeo, kama sisi sote tusivyoyajua. Mwandikie rafiki yako wa Usangu awaswage mapema, wawe wamefika zizini kabla mpira haujaanza. Wakifika baada ya mechi, hata wawe wengi kiasi gani, mimi mwenyewe nitawageuza barabarani na kuwarudisha walikotoka. Na kama unaweza, panda basi uje na mama. Mama Marta ana kitanda cha wageni, na kibuyu cha maji kipo; kama una kinyongo na nyumba hiyo ukiseme mbele yake, uteme, ukae ule nasi.

Nisalimie mama, mwambie kitambaa cha gauni nitamletea. Nisalimie shangazi Rozalia na majirani wote wa bondeni, na Mzee Philbert, mwambie winga wao wa kushoto ni mchezaji hasa, na kufungwa kwao hapa Mbeya kusimpunguzie sifa hata chembe.

Nabaki kuwa mwanao akupendaye na akubishiaye,

Yohane E. Kalinga