Nafinya Macho, Sajini Anadhani Namkonyeza

Mpendwa Shangazi Sitti,

Naomba msaada, na uharakishe, maana Ijumaa ya mwisho wa mwezi inakuja na sina pa kujificha. Mimi ni mke wa mtu, nakaa Mbuya, na sijawahi kumkonyeza mwanamume yeyote, hata mume wangu Habib tulipokuwa wachumba.

Mambo yalianza na blanketi. Binti yangu Mwanawetu anaolewa baada ya Idi, na kwa kuwa blanketi la dukani siku hizi ni la kusikia tu, nikaamua kumshonea la viraka, nikakusanya leso zilizochakaa, mashati ya Habib, pazia la marehemu mama, na Mama Akeyo, fundi wa cherehani kule Nateete, akanifundisha kwamba blanketi zuri si lazima liwe na ua wala ndege, panga rangi tu, za giza pembeni, za mwanga katikati, mpaka lionekane linawaka lenyewe. Akaniambia, "Rangi inadanganya, Mama Mwanawetu. Nyekundu na kijani utaona zinapigana, kumbe giza lao ni moja. Rudi nyuma, finya macho, hapo rangi haiwezi kukudanganya."

Basi kila siku saa kumi na moja jioni nalitundika kwenye kamba uani, narudi nyuma hadi mlangoni, nafumba jicho moja, nalifinya la pili, nainamisha kichwa, na viraka vikikubaliana natabasamu, sasa Shangazi, ningejuaje kwamba nyuma ya kamba, ng'ambo ya seng'enge, Sajini Nasser jirani yetu anarudi kutoka kazini saa hiyohiyo?

Wiki ya kwanza akaanza kunisalimia. Wiki ya pili akapita na sare iliyopigwa pasi mpaka mikunjo ingekata mkate. Wiki ya tatu akasimama kwenye seng'enge na kilo mbili za sukari, akasema, "Mama, mimi naona macho yako kila siku. Mimi si mtoto, mimi naelewa. Chukua hii, kunywa chai, fikiria mimi."

Shangazi, niliichukua. Usinihukumu kabla hujakumbuka mara ya mwisho ulipokunywa chai ya sukari, mimi nilikuwa nimepanga mstari siku mbili nikarudi na mfuko mtupu, na tena ni nani anamwambia mwanajeshi hapana? Habib alikunywa vikombe vitatu, akauliza imetoka wapi, nikasema Nateete, akasema Mungu awabariki watu wa Nateete.

Sasa Sajini amesema Ijumaa hiyo atakuja na gari twende dansi. Mkewe Atim, rafiki yangu tuliyekuwa tukikata viraka pamoja, hanisalimii siku ya kumi leo, na jana alimwaga maji ya vyombo upande wangu. Habib ana hasira za karibu, akisikia atakwenda kumfokea Sajini, na wewe unajua watu wanaofokea wanajeshi wanalala wapi. Na blanketi halijafika hata nusu, na bila kufinya macho siwezi kulimaliza. Niache blanketi, au nihame Mbuya? (Habib hasomi ukurasa wako, yeye ni wa mpira tu.)

Macho Yaniponza,
Mbuya

*

Macho Yaniponza,

Pole sana, mwanangu. Majina yote nimeyabadilisha, kwa faida yako na yangu, maana nami nina mlango unaoweza kugongwa.

Sasa kaa chini nikuseme. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya tatu nikafuata somo la Mama Akeyo, nikaifinyia macho. Rangi zake ni nyingi: bibi harusi, pazia la marehemu, machozi. Ukifinya macho zote zinafifia, kinabaki kiraka kimoja cheusi, nacho ni sukari. Pembeni yake kipo cha kijivu: saa kumi na moja jioni. Bibi wewe, kwani kwenu Mbuya asubuhi hakuna jua? Wiki ya kwanza nakubali hukujua. Wiki ya tatu ulijua saa ya Sajini kuliko mkewe. Sisemi ulimtaka. Nasema mwanamke wa ndoa ndefu akitazamwa na mtu aliyepiga pasi hukawia kidogo mlangoni. Umeshakawia, inatosha.

Fanya hivi, na usingoje Ijumaa. Leo hii mwite Atim. Usianze kujitetea. Msimamishe hapo mlangoni pako, mwambie afumbe jicho moja, afinye la pili, akuonyeshe kiraka kilichokaa vibaya. Akishajiona alivyosimama atacheka, na akicheka ameelewa. Kisha mkabidhi sukari iliyobaki, mwambie imetoka nyumbani kwake na inarudi nyumbani kwake. Mumewe mwachie yeye. Mwanajeshi asiyesikia hapana ya jirani huisikia ya mkewe, tena kabla hajavua viatu. Na ukaguzi wa jioni uwe wa Atim, ili Sajini akirudi akonyezwe na wa kwake. Wewe kagua asubuhi.

Habib mwambie mwenyewe, lakini Atim akishamaliza na Sajini, si kabla, na awe ameshiba. Atakasirika, na chai isiyo na sukari itamwongezea. Vumilia. Usimtajie tena Nateete, watu wa huko wamepokea dua isiyo yao. Na blanketi shona umalize, Mwanawetu hana kosa.

Wala usidhani nakusema nikiwa pembeni. Nilitaka kujua kama unasema kweli, kwa hiyo jana nilitundika leso yangu dirishani hapa ofisini, nikarudi nyuma, nikafumba jicho moja, nikalifinya la pili. Kabla sijaona giza wala mwanga, mlinzi wa getini alikuwa amenipandishia soda, ya baridi, chupa inatoka jasho. Sijaonja soda tangu Idi iliyopita.

Nimemrudishia.

Shangazi Sitti